Kitini cha Upande Mmoja

Shilingi laki moja na elfu hamsini na tatu na mia tatu. Hiyo ndiyo pesa tuliyotoa, wanafunzi arobaini na wawili, kununua vitini vya somo la fasihi ya Marekani ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa. Elfu tatu mia sita na hamsini kila kichwa. Nimejumlisha mara mbili na mara zote mbili jibu ni hilo hilo, kwa hiyo kosa haliko kwenye hesabu. Kosa liko kwangu.

Mimi ni muuza maharage. Nina kibanda sokoni Sumbawanga na vyumba viwili Malangali. Niliingia chuo nikiwa na umri ambao nusu ya darasa walikuwa wananiamkia, na niliingia kwa sababu moja tu: nilitaka kufundisha sekondari, nipate mshahara usiosubiri mvua. Masomo hatukuchagua, tulipangiwa. Nikapangiwa Kiingereza. Ndani ya Kiingereza kulikuwa na Marekani, na ndani ya Marekani kulikuwa na watu waliokuwa wanaandika sentensi moja nusu ukurasa, kana kwamba nukta ilikuwa inatozwa ushuru.

Wiki ya kwanza ya somo lile, mwaka wetu wa mwisho, darasa likanichagua kuwa kiongozi. Hawakunichagua kwa akili.

"Mama Maharage, sisi huwa tunaonewa na wenye stesheneri. Wewe utatusemea."

Nikasema sawa. Mtu akisifiwa kwa kazi anayoiweza huwa hakatai, na hapo ndipo anapokamatwa.

Mwalimu wa somo lile alikuwa mtu mzima wa makamo, koti mwaka mzima, jambo ambalo kwa baridi ya Ufipa mwezi wa sita si kosa. Alikuwa na nakala moja tu ya kitini: karatasi sabini na tatu, zimechapwa mbele na nyuma, ingawa mimi siku ile sikuzigeuza, alizokuwa nazo tangu alipokuwa mwanafunzi. Kingo zilishageuka rangi ya chai. Asubuhi moja akanikabidhi ndani ya bahasha kubwa.

"Jioni nikipate. Kikipotea hicho, Marekani yote imepotea."

Nikakipeleka stesheneri iliyo karibu na stendi. Mwenye duka akachungulia ndani ya bahasha, akasema, "Sitini kwa kila upande."

"Sitini? Mashine yako inakunywa petroli?"

"Wino, dada. Wino umepanda bei."

"Wino haujapanda, umepanda wewe. Vitini arobaini na viwili! Nani mwingine mji huu atakuletea vitini arobaini na viwili siku moja?"

Tukavutana. Nikaondoka mara mbili, mara mbili akaniita. Mwishowe nikamtajia bei ya kitini kizima, elfu tatu mia sita na hamsini, pamoja na pini, pamoja na jalada gumu. Akaangalia dari, akahesabu kwa midomo, akasema, "Haya. Lete."

Alikubali haraka. Miaka kumi na miwili nanunua maharage kwa wakulima, na kila gunia nalimimina chini nione katikati kuna nini, hasa la mtu aliyekubali haraka. Siku ile sikumimina. Nilikuwa nimelewa ushindi. Kwa jumla aliyonipigia yeye mwanzoni tungelipa zaidi ya laki tatu na nusu, na mimi nilikuwa nimekata zaidi ya nusu. Nilitembea kurudi kibandani kama mtu aliyenunua shamba.

Saa kumi jioni nikaenda kuchukua. Nikahesabu karatasi za kitini cha juu: sabini na tatu. Nikahesabu tena: sabini na tatu. Nikavuta kimoja kutoka chini kabisa ya rundo, maana wajanja hupanga vizuri juu: sabini na tatu. Niliona kwamba nyuma ni peupe. Sijifichi, niliona. Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu kwamba upande wa nyuma nimewaachia pa kuandikia nukuu, bila nyongeza. Wakanipigia makofi.

"Mama, wewe ungefaa Wizara ya Fedha!"

Nakala ya mwalimu ilikuwa imesharudi ndani ya bahasha yake, nikampelekea bila kuifungua. Namba za kurasa zilikuwa chini kabisa ya karatasi na mashine ilikuwa imezikata zote. Mwenye duka hakunidanganya hata neno moja. Alikata kazi mpaka ikalingana na pesa yangu, na mimi sikumuuliza.

Kwenye benchi langu alikaa mwanamke mmoja aliyenizidi umri, mtu pekee darasani niliyekuwa namwamkia mimi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Kasense, miaka kumi na tisa anafundisha darasa la tatu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu na kuliko cha wengi mle ndani. Ila somo hili alikuwa analirudia. Mwaka wa nyuma mtoto wake alilazwa wiki ya mitihani, akafeli. Chuo kilikuwa na sheria fupi: ukifeli somo lile lile mara ya pili, umedisko. Unafutwa. Ada ya miaka mitatu imekwenda, shahada hakuna, unarudi ulikotoka na cheti kile kile. Aliniambia hayo wiki ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei isiyopungua.

"Pepa hii moja, mdogo wangu. Zingine zote nimemaliza."

Basi tukaanza. Hadithi iliyotiliwa mkazo kuliko zote ilikuwa ya bwana mmoja mwenye shamba kubwa. Mwandishi wake simjui mpaka leo, maana karatasi yenye jina ilishachanika zamani. Bwana yule anaalika wageni siku ya kusherehekea uhuru wa nchi yao. Anachinja, anamimina, anahutubia juu ya uhuru mpaka wageni wanalia. Kuna msichana wa nyumbani anayehudumia meza na kuimba, na bwana anasema mbele ya wote, "Huyu kwangu ni kama binti." Asubuhi gari la farasi linaondoka, na bwana anasimama kwenye ngazi akilia.

Yule mwenzangu wa benchi akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hapa sentensi inaishia 'akamshika mkono na', halafu ukurasa unaofuata unaanza na farasi."

Mwalimu akavuta koti lake. "Swali zuri sana. Mwandishi wa Marekani wa zama zile hamalizi wazo. Kwa nini? Kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa haijamalizika. Anaruka. Msomaji anajaza pengo."

Kalamu arobaini na mbili zikainama. Mimi nilipigia mstari mara mbili.

"Hata katikati ya neno?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Hasa katikati ya neno."

Tukaenda hivyo muhula mzima. Machozi ya bwana kwenye ngazi tuliyafundishwa siku tatu. Yalikuwa ishara ya ukarimu: mwenyeji anayeumia wageni wakiondoka. Dhamira kuu, ukarimu. Mtindo, mruko. Tulikariri mpaka tukawa tunataniana kantini. Mtu akikuacha na bili unamwambia, "Acha mruko wewe, maliza wazo."

Wiki tatu kabla ya mtihani akahamia mwanafunzi kutoka chuo kingine. Nikaenda kwa mwalimu kuomba tena bahasha nimtolee kopi yake. Nikaenda stesheneri nyingine, kwa kuwa ya stendi ilikuwa na foleni. Mwenye duka akauliza, "Pande zote mbili?"

Nikamwambia upande mmoja tu, upande wa pili ni mweupe.

Akazigeuza karatasi mbele yangu. Zilikuwa zimejaa maandishi kama kiota cha siafu.

Nililipa bei kamili, pande zote mbili, bila kupatana, na mwenye duka akaniangalia kama mtu aliyeugua ghafla. Nilitoa kopi mbili, ya yule mwanafunzi mgeni na yangu. Nikampigia simu mwenzangu wa Kasense. Akaja kibandani, tukaketi juu ya magunia, yeye akisoma na kunifafanulia, mimi nikipima maharage kila mteja alipofika.

Kurasa za nyuma zilikuwa na hadithi nyingine kabisa. Zilikuwa, kwa kweli, na hadithi yenyewe. Baada ya hotuba ya uhuru, mgeni mmoja anamwita mwenyeji pembeni. Anamtaka yule msichana. Mwenyeji anasema hauzwi, ni kama binti. Mgeni anataja bei. Mwenyeji anaitaja nyingine. Msichana anaitwa. 'Akamshika mkono na' kuugeuza, kuona viganja. Akamfungua mdomo, akahesabu meno. Akasema mgongo umepinda kidogo, punguza. Akajifanya kuondoka. Akaitwa. Akajifanya tena kuondoka, akaitwa tena.

Nilikuwa nimeshika kopo la kupimia. Nikaliweka chini.

"Endelea," nikamwambia.

"Unataka niendelee?"

"Mama, endelea."

Wakapatana. Asubuhi gari la farasi liliondoka na msichana ndani yake. Bwana alisimama kwenye ngazi akilia kwa sababu mgeni mwingine alikuwa amemnong'oneza kwamba kule mto unakoteremkia msichana wa namna ile huenda kwa bei mara mbili. Hakuwa anawalilia wageni. Alikuwa amemuuza kwa hasara.

Siku tatu tulifundishwa machozi yale. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Mwenzangu alikunja karatasi. Akasubiri mteja aje, anunue, aondoke. Kisha akasema, akiwa haniangalii, kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Kabwe, kule ziwani, na alipokuwa akiulizwa mama yake alitoka wapi, alikuwa anajibu kwamba aliletwa na wapita njia akabadilishwa kwa mikono minne ya nguo. Basi. Hakuwa anaongeza.

"Mikono minne," akasema. "Sisi watoto tulikuwa tunapima kwa mkono tuone inafika wapi. Haifiki mbali."

Kesho yake nikaenda ofisini kwa mwalimu. Nilimkuta anakula mgebuka wa kukaanga juu ya gazeti. Chumba kizima kilinuka samaki. Nikamwamkia, nikaweka karatasi mezani, nikamgeuzia upande wa nyuma. Akaishika kwa vidole vya mafuta. Akasoma. Ukimwangalia ungedhani anasoma barua ya mtu mwingine, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Kitini kimekaa kwake miaka yote ile, na alikuwa anafundisha kutoka kwenye madaftari yake ya ujana.

"Sawa," akasema. "Fasihi ina mitazamo mingi."

"Mwalimu, huu si mtazamo. Ameuzwa."

"Maswali yameshapelekwa. Mwongozo wa kusahihisha umeshapitishwa. Unataka niende kwa mkuu nikamwambie nini?"

"Kwamba tulisoma nusu."

Akafuta vidole kwenye ukingo wa gazeti, kimoja kimoja.

"Nani alitoa kopi?"

Nikamwangalia mgebuka wake.

"Nakuuliza, kiongozi. Nani alichukua pesa za wanafunzi arobaini na wawili, kisha akawapa nusu ya bidhaa? Huko sokoni kwenu mtu wa namna hiyo mnamwitaje?"

Tunamwita mwizi. Hakuhitaji jibu. Akanirudishia karatasi ikiwa na alama za vidole vyake, duara tano za mafuta, moja juu ya lile neno la bei. Akasema, "Andikeni mlichofundishwa. Mtafaulu wote." Kisha akamrudia mgebuka wake, upande wa pili, ule ambao hakuwa ameugusa.

Nikawaambia wachache darasani, wale waliokuwa wanasikiliza. Walinijibu kama nilivyotegemea.

"Mama, tuache. Sisi tunataka pepa, hatutaki msichana."

"Kwani atarudishwa?"

"Au unataka turudishiwe nusu ya pesa? Hilo lizungumze."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na kile kicheko ni kimojawapo cha vitu ninavyotamani ningeweza kuvitema.

Yule mwenzangu nilimfuata mwenyewe mpaka Kasense, siku mbili kabla ya mtihani. Alikuwa shambani anavuna. Nikamsaidia mistari miwili nikimwomba.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Kesho kutwa andika ukarimu."

"Marahaba. Nitaandika nilichosoma."

"Wewe ukifeli umedisko! Mimi naweza kufeli, nitarudia. Wewe huna pa kurudia."

"Najua hesabu yangu."

"Basi andika ukarimu, upate cheti chako, kisha ukafundishe ukweli huko mbele. Nani atakuzuia?"

Akavunja hindi, akalitupa kwenye rundo. "Wewe ulipokuwa hujasoma, uliandika ukarimu. Sawa. Hukujua. Mimi sasa nimesoma. Nikae pale niandike kwamba yule bwana alilia kwa upendo? Watoto wa darasa la tatu nawachapa kwa kunakili jibu ambalo hawalijui. Mimi ninakili ambalo nalijua si kweli?"

"Hakuna atakayejua."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi ongea ukivuna."

Nilivuna mistari mingine minne. Sikupata bei yoyote kwake. Sijawahi kukutana na mtu asiyepunguza hata senti namna ile.

Swali la lazima lilikuwa lile lile tulilolitegemea, lenye alama nyingi kuliko mengine yote: jadili ukarimu, ukizingatia machozi ya mwenyeji. Yeye alikaa viti viwili mbele yangu. Nilimwona anaanza kuandika mara moja, mgongo umenyooka. Mimi nilisoma swali mara mbili. Nikaandika kurasa nne. Niliandika vizuri, Mungu anisamehe. Nilieleza mruko. Nilieleza jinsi machozi yalivyoshuka kama mvua ya kwanza juu ya Ufipa, mfano niliobuni hapo hapo na kuupenda. Nilipomaliza nilikwenda nje nikatema mate, na mdomo haukusafika.

Matokeo yalibandikwa ukutani kwa namba za usajili. Namba yangu niliitafuta mara mbili. Nilikuwa wa kwanza, alama ya juu kabisa darasani. Mwalimu alinipa mkono mbele ya watu, mkono mkavu siku hiyo, akasema jibu langu atalitumia kama mfano kwa wanaofuata.

Namba ya mwenzangu ilikuwa na thelathini na saba. Kufaulu ni arobaini. Pembeni yake palikuwa na neno moja.

Wote walionicheka walifaulu. Wanne wameshaanza kujitolea kwenye shule. Yeye amerudi darasa la tatu, Kasense. Hajanilaumu. Bado ananunua maharage kwangu kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilimwongezea kopo zima juu ya kipimo. Akafungua mfuko, akachota lile kopo, akalirudisha kwenye gunia langu mbele ya wateja, akalipa, akaniaga vizuri tu.

Anaweza kukata rufaa. Nimeuliza ofisini bila kutaja jina. Jibu lake litasomwa upya na mtu wa chuo kingine, ila lazima aambatanishe maandishi kamili ya hadithi, pamoja na maelezo ya mtu anayeweza kuthibitisha kwamba darasa lilifundishwa nusu. Nakala ya mwalimu, nimesikia, imepotea. Marekani yote imepotea. Iliyobaki ni ile ya yule mwanafunzi mgeni, ambaye amehama tena na simu yake haipatikani, na hii yangu, kurasa zote mia moja arobaini na sita, na mtu wa kuthibitisha ni mmoja.

Nikithibitisha, nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilichukua pesa za watu nikawapa nusu. Wanaweza kuifuta pepa nzima. Wenzangu arobaini, wengine wana watoto, wataitwa kurudia somo waliloliaga, na watajua ni nani amewaita. Alama yangu ya kwanza itakwenda, na ajira niliyoomba itakwenda nayo. Nisipothibitisha, mwanamke mmoja aliyesoma kuliko sisi sote atabaki ameandikwa kwamba hakuelewa. Nimeipima huku na huku kama maharage, na kila nikipima nagundua kwamba najitafutia punguzo.

Yeye hajaniomba. Nadhani hataniomba.

Dirisha la rufaa linafungwa siku chuo kitakapofunguliwa. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa kama umewahi kufundisha, au umewahi kufaulu kwa jibu ulilojua si kweli: nishauri. Niwaambie kwanza wale arobaini, wanizuie kama wanataka, au nipeleke karatasi kimya kimya, wao wasikie baadaye? Na yeye nimwambieje, kwa maneno gani, ili asidhani namwongezea kopo jingine? Nipo kibandani kila siku isipokuwa Jumapili.